Suruali yangu inasema 36, nesi anasema 103

Daktari, za kazi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, umri wangu miaka 54, na sukari ninayo tangu 2016. Natumia metformini na glibenklamidi, kliniki sikosi. Mwezi uliopita tulikuta utaratibu mpya. Zamani walikuwa wanapima uzito, presha na sukari, kisha unaingia kwa daktari. Safari hii nesi alikuwa na futi. Akanizungushia tumboni juu ya shati, mbele ya foleni nzima, akasoma kwa sauti: "Mia moja na tatu." Akaandika kwenye daftari langu, na pembeni akaweka alama ya kuuliza na maneno "mafuta kwenye ini". Akaniambia nikapige altrasaundi ya tumbo, tena nje, kwa kuwa mashine yao ni mbovu.

Daktari, futi ndiyo kazi yangu. Suruali zangu nazishona mwenyewe, kiuno inchi 36, na hazinibani. Inchi 36 ni sentimita 91 na ushee. Hizo kumi na mbili zilizobaki kazitoa wapi? Uzito wangu ni kilo 76, urefu sentimita 168, na kwenye ule mchoro wa BMI, wa kulinganisha uzito na urefu, ulioko ukutani naangukia kwenye njano, sijafika kwenye nyekundu. Kitambi ninacho, sikatai, lakini ni cha kawaida tu cha mtu anayeshinda amekaa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mke wangu naye ana sukari, na tunakwenda kliniki siku moja. Yeye ana kilo 84, urefu sentimita 160. Vipimo vyake navijua kwa kichwa kwa sababu magauni yake nashona mimi: kiuno 88, hipsi 118. Kapimwa, hakuandikiwa kitu. Mimi mwenye kilo pungufu ndiye niliyeandikiwa ini. Jioni ile akaniuliza, kwa upole lakini akaniuliza, kama kuna mahali napitia kabla ya kurudi nyumbani. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, na yeye anajua. Lakini huku kwetu ukisema ini, watu wanasikia mlevi.

Nina karatasi ya damu ya miezi minne iliyopita. ALT 44, AST 36, chembe sahani 238. Iko ndani ya daftari hilohilo, nesi hakuigusa. Sukari yangu ya asubuhi haishuki chini ya 9 hata nilale bila kula. Jirani anauza unga wa mizizi wa kusafisha ini, anasema nianze na kopo moja.

Naomba kujua, futi kweli inaweza kujua yaliyomo ndani ya ini? Nitoe hela ya altrasaundi, ambayo kwangu ni karibu faida ya wiki nzima, au nisubiri? Unga ninywe? Na la mwisho: wateja wangu wengi ni watu wazima, baadhi yao najua wana sukari. Kama kipimo hiki ni cha kweli, niwe nawaambia?

Fundi Nguo, Morogoro

---

Fundi, nashukuru kwa barua, hasa kwa kuweka namba. Wengi huniandikia "kipimo kilikuwa kibaya" nikabaki nabahatisha.

Suruali yako na futi ya nesi havigombani, kila kimoja kimepima mahali pake. Unapomshonea mwanaume mwenye kitambi unajua kiuno cha suruali kinakaa wapi: chini ya tumbo, pale mkanda unapopata pa kushika, tumbo lenyewe likabaki juu. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa namba 36 miaka nenda rudi huku tumbo likiongezeka. Hospitali haina haja na mahali mkanda unapokaa. Inalitaka tumbo. Pengo la sentimita kumi na kitu kati ya vipimo hivyo viwili, kwa mwanaume mwenye kitambi, halinishangazi.

Hata hivyo lawama mbili kwa nesi nazipokea. Kupima juu ya shati si sawa, na kutangaza namba ya mtu mbele ya foleni ni vibaya zaidi. Kwa hiyo pima upya nyumbani, kwa njia inayotumika kwenye tafiti za Shirika la Afya Duniani. Iwe asubuhi, hujala, umeshakojoa, tumbo wazi. Simama wima, miguu pamoja, mikono ikining'inia ubavuni. Papasa ubavuni mpaka uupate ubavu wa mwisho chini, weka alama ya chaki. Shuka upapase ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama nyingine. Futi inapita katikati ya alama hizo mbili, hata kama kitovu kiko juu au chini yake. Mama akuangalie kwa nyuma isiwe imepanda mgongoni. Vuta pumzi, itoe kawaida, na pumzi inapoisha kutoka ndipo usome. Usibane tumbo. Ile nafasi ya kidole mnayowaachia wateja usiiache, na wala usivute futi mpaka ikaingia kwenye nyama. Pima mara mbili, na zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Na futi yenyewe ikague. Futi ya kitambaa iliyofanya kazi miaka mingi hutanuka. Ilaze kando ya rula ya chuma uone kama sentimita zake bado zinalingana. Iliyotanuka inakupunguzia kiuno, na wateja wako pia.

Tuseme shati lilikuongezea sentimita mbili, kiuno chako halisi ni 101. Sasa chukua kanuni moja tu, nyingine ziache: kiuno kisifike nusu ya urefu. Urefu wako 168, nusu yake 84. Ukigawa 101 kwa 168 unapata 0.60. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2022 ilipanga ngazi hivi: 0.4 hadi 0.49 uko salama, 0.5 hadi 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na kuendelea hatari ni kubwa. Uwe na shati au usiwe nalo, umeshafika ngazi ya juu.

Kuna sababu ya kuipenda kanuni hii kuliko zile namba zilizobandikwa kwenye kuta za kliniki. Wamarekani walizoea 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaja na 94 na 80 kwa watu wa Ulaya, 90 na 80 kwa watu wa Asia ya Kusini, na sisi wa kusini mwa Sahara tukaambiwa tuazime za Ulaya kwa muda hadi tupate zetu. Huo muda ulianza katikati ya miaka ya 2000. Baadaye utafiti uliokusanya takwimu za nchi kadhaa za Afrika ukaonyesha kuwa kwa wanaume wetu hatari inaanza mapema zaidi, kwenye sentimita 81 hivi. Kwa hiyo mwanaume wa Kiafrika mwenye kiuno cha 92 anaambiwa yuko sawa na kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Nusu ya urefu wako, 84, iko karibu zaidi na ukweli wa hapa kwetu, na haihitaji mchoro.

Sasa suala la mama, na naona hapo ndipo pana moto.

BMI yako ni 26.9, yake 32.8. Kwa mzani, yeye ndiye mwenye shida. Lakini mzani unajua kilo tu, haujui mafuta yamekaa wapi. Hesabu ile ya uzito kugawanya kwa urefu mara urefu ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet karne ya 19. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akitafuta sura ya binadamu wa wastani. Wagonjwa hawakuwa kwenye hesabu zake. Sisi madaktari tuliikuta rahisi, tukaichukua.

Mafuta ya hipsi na mapaja ni kama hela uliyoweka benki kwa muda maalumu, haitoki hovyo. Ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka utumbo, ni hela ya mfukoni. Yanatoka kila saa, na yakitoka huingia kwenye mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo kwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini linapokea mafuta yale kabla ya viungo vingine, na yakizidi linaanza kuyahifadhi ndani ya chembe zake. Kwa mwenye kisukari hali ni mbaya zaidi, kwa sababu insulini ndiyo inayoyazuia mafuta yasimwagike kwenye damu, na mwili wako umeacha kuisikiliza insulini vizuri. Juu ya hapo, sukari na wanga unaozidi, ini lenyewe hugeuza kuwa mafuta.

Hapo utapata na jibu la sukari ya asubuhi. Usiku, usipokula, ini ndilo linalotengeneza sukari ya kukuvusha mpaka kuche. Insulini huliambia lipunguze. Ini lililojaa mafuta halisikii, linaendelea kutengeneza usiku kucha. Ndiyo maana unalala na njaa na kuamka na 9. Tena kwa kuwa unatumia glibenklamidi, acha mtindo huo wa kulala bila kula. Dawa hiyo inaweza kukushushia sukari usiku wa manane, na ukaamka huna habari kilichotokea.

Lakini mama asije akalisoma jibu hili akaona amepita. Kiuno 88 kugawanya kwa hipsi 118 ni 0.75, na Shirika la Afya Duniani huanza kushtuka kwa mwanamke kwenye 0.85. Kwa kipimo hicho anang'ara. Kwa nusu ya urefu, 88 kwa 160 ni 0.55, ngazi ya pili. Nahisi kwenye fomu ya kliniki pameandikwa "zaidi ya 88", na yeye akadondokea juu ya mstari wenyewe. Ukiongeza kwamba baada ya hedhi kukoma mafuta ya mwanamke huanza kuhama kutoka kwenye hipsi kwenda tumboni, sioni sababu ya kumwacha nje. Ana kisukari cha ukubwani, hilo peke yake linatosha kumwingiza kwenye orodha.

Hapo ndipo ninapotaka ufike, fundi. Uliuliza kama futi inaweza kujua yaliyomo ndani ya ini. Haiwezi. Futi inaona mzingo. Haijui kama ndani kuna mafuta, maji au wengu uliovimba. Mtu wa kando ya Ziwa Victoria mwenye kichocho cha tumbo cha miaka mingi anaweza kuwa na tumbo kubwa lisilohusiana na mafuta kabisa. Na wapo wagonjwa wa kisukari wembamba, viuno vya vijana, ambao ini limejaa. Futi kazi yake ni kumwambia nesi mwenye wagonjwa mia kwenye foleni nani aanze kutazamwa, na nyumbani kukuonyesha mwezi hadi mwezi kama unaelekea pazuri.

Tena kwako ilikuja imechelewa. Duniani zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili, hicho cha ukubwani, wana mafuta kwenye ini. Ungeniambia una miaka 54, kisukari na kitambi, nisingehitaji futi kushuku. Kwa hiyo swali la "mafuta yapo au hayapo" halininyimi usingizi. Linaloninyima ni makovu. Ini lenye mafuta, kwa wengi, litakaa hivyo miaka bila kuwasumbua. Kwa wachache mafuta yanaleta uvimbe, uvimbe unaleta kovu, kovu juu ya kovu mpaka ini linasinyaa na kuwa gumu, na kisukari huharakisha safari hiyo. Haliumi. Watu wengi hulijua siku tumbo limejaa maji.

Makovu futi haiyajui hata kidogo, ila karatasi yako inayajua kwa kiasi fulani. Ile ambayo nesi hakuigusa.

Kuna hesabu inaitwa FIB-4. Inakadiria makovu ya ini kwa kutumia umri, vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chukua simu, fungua kikokotoo. Umri zidisha kwa AST: 54 mara 36 ni 1944. Weka pembeni. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, kile kialama cha mizizi: cha 44 ni 6.63. Zidisha kwa chembe sahani 238, unapata 1578 hivi. Sasa gawanya 1944 kwa hiyo. Jibu lako ni 1.23.

Chini ya 1.3 maana yake uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67 ningekuambia funga duka uende kwa mtaalamu wa ini. Katikati ya hapo mtu hupelekwa kwenye kipimo cha ugumu wa ini, mashine inayogonga ubavuni taratibu na kusoma ini limekakamaa kiasi gani. Ipo hospitali kubwa chache. Kwa waliofika miaka 65 mstari wa chini husogezwa hadi 2.0, kwa sababu umri wenyewe unapandisha hesabu, na kwa vijana chini ya 35 haiaminiki sana. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri hesabu hii ifanywe kwa kila mwenye kisukari cha aina ya pili, hata vimeng'enya vya ini vikiwa kawaida, maana vimeng'enya vinaweza kuwa vizuri na makovu yapo.

Tahadhari moja ambayo miongozo ya wenzetu huwa haiiandiki kwa herufi kubwa. Malaria inashusha chembe sahani. Ukipimwa damu ukiwa na homa, hesabu inapanda bila ini kuwa na kosa. Kichocho cha tumbo kilichovimbisha wengu nacho kinafanya hivyohivyo. Kama siku ile ulikuwa mzima, 1.23 yako naiamini. Irudie baada ya mwaka mmoja au miwili, usingoje zaidi, kwa sababu uko karibu na mstari na umri unakwenda mbele tu.

Altrasaundi basi. Hela yako iache mfukoni kwa sasa. Altrasaundi ya kawaida huanza kuona mafuta yanapokuwa mengi, kama asilimia 20 au 30 ya ini. Yakiwa machache inasema "ini safi" nawe unarudi nyumbani ukichekelea. Makovu huyaona yakiwa yameshachelewa. Kwako ingetoka na jibu ambalo tunalishuku tayari, na matibabu yangebaki yaleyale. Ningekupeleka haraka kama FIB-4 ingekuwa juu, au kama ungeniambia macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa ghafla, miguu inavimba, umetapika damu au kinyesi ni cheusi kama lami. Hizo siyo za kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kama kuna hela ya kutoa, toa ya kipimo cha homa ya ini B na C, ikiwa hujawahi kupimwa. Homa ya ini B kwetu ipo kwa wingi, hukaa kimya kama mafuta yanavyokaa kimya, na vikikutana kwenye ini moja kazi ya uharibifu inaweza kwenda haraka. Ukikutwa huna hiyo B, kuna chanjo. Mama naye apime, na kliniki ijayo aombe AST, ALT na FBP, ile picha kamili ya damu yenye chembe sahani, ili apate FIB-4 yake. Vipimo hivyo ni vya kawaida, maabara nyingi za wilaya zinavifanya.

Kuhusu mahali unapopitia jioni. Mama, kama unasoma: mumeo hahitaji kuonja pombe ili ini lake lishike mafuta. Kitambi na kisukari vinatosha, na soda ya kila mchana kazini, kama ipo, inaongezea. Nikikaa kliniki naona wanawake wasiojua hata harufu ya bia wakiwa na ini la namna hii, wakificha ugonjwa kwa aibu ya jina la mlevi.

Unga wa mizizi usinywe. Ini halina uchafu wa kufagiliwa, na kila unachomeza ni lazima lenyewe ndilo likichakate. Kopo lisilo na orodha ya kilichomo, lililosagwa na mtu asiyejua una dawa gani nyingine, ni njia rahisi ya kuumiza ini ambalo bado lina nafasi ya kupona. Simtukani jirani. Mwambie tu daktari kakataa.

Dawa yenyewe haina mng'aro. Kilo 76 zako, asilimia 5 ni kilo 3.8. Kwa kushuka hapo tu mafuta ya ini huanza kupungua. Ukifika asilimia 7 hadi 10, yaani kilo tano na kitu mpaka saba na nusu, uvimbe hutulia, na kwa wengine makovu mepesi hurudi nyuma. Chukua miezi sita au zaidi, wala usikimbie. Kabla ya kupunguza ugali kwa kiasi kikubwa, onana na daktari wako juu ya glibenklamidi, kwa sababu dozi iliyowekwa kwa sahani kubwa itakuangusha ukila sahani ndogo.

Anza na vinywaji. Soda, juisi za boksi, chai ya vijiko vitatu. Sukari ya kunywa inakwenda kwenye ini haraka kuliko ya kutafuna, na hamna shibe ndani yake. Kahawa chungu ile ya wauza birika jioni, ukiipenda, kunywa. Tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wa kahawa na makovu machache ya ini. Kashata inayoambatana nayo mwachie muuzaji. Kisha miguu. Kazi yako inakuweka kwenye kiti tangu asubuhi, na kama cherehani yako ni ya umeme, imekunyang'anya hata yale mazoezi ya kukanyaga. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, za kutoa jasho, gawanya utakavyo. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata kama mzani umegoma, na hapo ndipo futi inakufaa: kilo zinaweza kukaa palepale huku kiuno kinatoka 101 kwenda 97. Pima mara moja kwa mwezi, alama zilezile, futi ileile. Kila siku ni kujitesa, tumbo lina gesi zake.

Metformini endelea nayo. Haiondoi mafuta kwenye ini, lakini kwa sukari na kwa moyo inakufaa. Zipo dawa za kisukari zinazosaidia ini pia. Pioglitazoni ni ya zamani, ila huweza kuongeza uzito na haiwafai wenye moyo dhaifu. Sindano ya semaglutidi, mwaka 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali kwa ini lenye uvimbe na makovu ya wastani hadi makubwa. Kwa bei yake na kwa FIB-4 yako, huko hatujafika. Liongee na daktari wako ikiwa sukari itaendelea kukataa.

Halafu wateja. Hapana, usiwaambie. Mtu amekuja kushonewa suti ya harusi ya binti yake, wewe umeinama na futi kiunoni kwake unamtajia ini? Atakwenda kwa fundi mwingine, na ini lake litakwenda naye. Isitoshe unampimia mahali pa mkanda, na tumeshaona namba hiyo inavyoficha. Ila wateja wako wa siku zote, wale mnaotaniana na wanaokwambia wenyewe kuwa wana sukari, unaweza kuwasimulia yaliyokupata wewe, na jinsi ya kutafuta nusu ya urefu. Akitaka kupimwa atakuomba. Ukimpima, mpe namba kwa sauti ya chini, na umwambie akaulize kliniki kuhusu FIB-4. Wengine watakuja wenyewe kukuomba uongeze kiuno inchi mbili kwenye suruali ya mwaka jana. Hao hawahitaji hata futi, na bei ya kuongeza unaijua mwenyewe.